Mtoto ana mzio wa mayai: apimwe ngozi kabla ya chanjo, au achanjwe tu?

Swali: Daktari, shikamoo. Naandika kutoka Arua. Mwanangu wa kiume ana mwaka mmoja na miezi miwili. Alipokuwa na miezi minane kaka yake alimmegea kipande cha rolex, ile chapati iliyoviringishwa na mayai. Haikupita robo saa midomo ikavimba, mwili ukatoka mabaka ya kuwasha, akatapika. Tulipompeleka kwa chanjo ya miezi tisa, nesi aliposikia habari za mayai akasema hawezi kumchanja, nimpeleke kwanza Kampala akapimwe ngozi. Nauli haijapatikana mpaka leo. Mimi mwenyewe nina mimba ya miezi mitano. Zamani nilivimba mwili mzima baada ya kudungwa antibiotiki ya PPF, na nilipolisema hilo kliniki ya wajawazito, sindano ya pepopunda wakaniruka. Je, kipimo hicho cha ngozi ni lazima? Tukichanjwa bila kupimwa, hatari ni ipi?

Jibu: Marahaba, mama. Nakupa jibu kwanza, maelezo yafuate, kwa sababu kuna jambo moja hapa halifai kungoja hata wiki.

Chanjo ya surua na rubela mwanao aipate kwenye kituo chenu cha afya, siku ya chanjo iliyo karibu, bila kupimwa ngozi. Chanjo ya homa ya manjano ndiyo inayohitaji uangalifu, nayo aipatie hospitali chini ya daktari. Safari ya Kampala huenda isihitajike kabisa. Wewe nenda ukachanjwe pepopunda. PPF na chanjo hiyo hazihusiani hata kidogo.

Simlaumu nesi wako. Alisikia neno "mayai", akaogopa, na woga wake ulitokana na kumjali mtoto. Lakini kadi ya miezi tisa ina chanjo mbili zinazodungwa siku moja, ya surua-rubela na ya homa ya manjano iliyoingizwa kwenye ratiba ya kawaida Uganda mwezi Oktoba 2022. Zote mbili zina uhusiano na kuku, ila uhusiano wenyewe haufanani, na hapo ndipo wengi hupotea.

Virusi vya chanjo ya surua hukuzwa kwenye chembe hai zilizotolewa katika kiinitete cha kifaranga, zikaoteshwa kwenye chupa za maabara. Protini ya yai inayobaki ni kidogo mno, haitoshi kumsumbua hata mtoto mwenye mzio mkali. Hili limejaribiwa kwa watoto wenyewe. Mwaka 1995 madaktari wa Marekani walitoa taarifa ya watoto 54 wenye mzio wa mayai waliochanjwa surua bila hata mmoja kupata shambulio. Tangu hapo miongozo mikubwa ya chanjo imeacha kuhesabu mzio wa mayai kuwa sababu ya kumnyima mtoto chanjo hii, wala haidai apimwe ngozi kwanza. Pale ambapo mtoto alipata kweli shambulio baada ya chanjo ya surua, mara nyingi aliyekutwa na hatia alikuwa jelatini, ambayo huwekwa kwenye baadhi ya chanjo ili virusi visiharibike. Japani ililiona hili vizuri katika miaka ya 1990: walipoiondoa jelatini kwenye chanjo zao, mashambulio yakapungua sana.

Kwa hiyo kila wiki ambayo mwanao anakaa bila chanjo ya surua, anabeba hatari ya kweli kwa kukwepa hatari isiyokuwepo. Kinga aliyotoka nayo tumboni mwako imekwisha. Surua huambukiza kwa hewa, na mtoto anaweza kuipata kwa kuingia chumba ambacho mgonjwa ameshatoka. Hukausha mwili kwa kuhara, huleta nimonia, huweza kupofua macho. Nawe unaishi mji ambao kila siku watu wanaingia kutoka Kongo na Sudan Kusini.

Sasa homa ya manjano. Virusi vya chanjo hii, aina inayoitwa 17D, hukuzwa ndani ya yai lenyewe lenye kiinitete cha kifaranga. Protini ya yai inayobaki humo ni nyingi kuliko ya surua, na kiasi hutofautiana toleo kwa toleo. Hii ndiyo chanjo pekee ya ratiba ya watoto wa Uganda ambayo historia ya mayai inanifanya nisimame kwanza na kuuliza. Nasema kuuliza, sikusema kukataa. Huko kwenu ugonjwa huu upo: mwaka 2019 uligunduliwa Koboko, na mwaka 2020 Moyo. Nataka mwanao aichanjwe.

Maswali ambayo daktari atakuuliza ndiyo kipimo cha kwanza, na mara nyingi yanazidi sindano yoyote kwa thamani. Baada ya rolex ile, alitapika mara moja au mfululizo? Alikohoa, alikoroma, sauti ilibadilika? Alilegea, alilala ghafla? Midomo na mabaka peke yake ni jambo la ngozi. Ngozi ikiungana na kutapika mfululizo, au na pumzi, hilo ni shambulio la mwili mzima ambalo kitabibu huitwa anafilaksisi, na uamuzi unabadilika. Je, baada ya hapo amekula chapati tupu? Kama anakula chapati bila shida, ngano haina kosa na yai linabaki mshukiwa. Je, amewahi kula keki au mkate uliopikwa na yai ndani, akakaa salama? Kama ndiyo, mwambie daktari bila kusahau, maana anayestahimili vyakula vyenye yai kwa kawaida huipokea chanjo hii vizuri. Lakini tafadhali usimjaribu nyumbani ili upate jibu la swali langu.

Wewe umeniambia mambo mawili kwa pamoja, ngozi na kutapika, tena ndani ya robo saa. Mpaka daktari amkague, mimi namhesabu kuwa mtoto wa kuchanjwa homa ya manjano hospitalini.

Kipimo cha ngozi chenyewe nakueleza jinsi kinavyofanywa, ili kikifanywa ujue kama kimefanywa sawasawa. Mtoto anapakatwa, mkono umegeuzwa upande wa ndani. Daktari anaweka alama kwa kalamu, kisha anadondosha tone la chanjo kwenye alama moja, tone la maji ya chumvi ya hospitali kwenye ya pili, na tone la histamini, kemikali inayovimbisha ngozi, kwenye ya tatu. Kupitia kila tone anachoma juu juu kwa kisindano kifupi, damu isitoke. Baada ya dakika 15 hadi 20 anasoma. Pa histamini lazima pavimbe, pa maji ya chumvi pasivimbe. Pa chanjo pakiwa na uvimbe unaozidi wa maji ya chumvi kwa milimita 3 au zaidi, hilo ni jibu la "ndiyo, mwili unaitambua". Pasipovimba, hatua ya pili ni kudunga ndani ya ngozi mililita 0.02 ya chanjo iliyozimuliwa mara mia, na kungoja tena. Mtoto aliyewahi kuzidiwa sana huanziwa na tone lililozimuliwa mara kumi badala ya chanjo kamili.

Vitabu vingi vilivyotufundisha vina picha za wekundu kwenye ngozi nyeupe. Kwenye ngozi zetu wekundu hauonekani hivyo, na anayetafuta wekundu atasema "hakuna kitu" mahali penye kitu. Daktari anayejua kazi hupitisha ncha ya kidole juu ya alama, akausikia ukingo wa uvimbe, akauzungushia kalamu ndipo akapima kwa rula. Ukimwona anafanya hivyo, tulia, uko mahali pazuri.

Dawa za kutuliza mzio kama piriton na setirizini huua kipimo hiki. Mtoto aliyepewa piriton jana ataonekana hana mzio wa chochote duniani, hata pa histamini hapatavimba. Dawa hizo ziachwe wiki moja kabla. Angalia na chupa za dawa za mafua na kikohozi, nyingi zina piriton ndani bila mzazi kujua.

Kuna kitu kingine kinachofanyika vituoni ambacho si kipimo hiki, japo watu hukiita hivyo. Mhudumu anachukua chanjo kamili, anadunga kidogo chini ya ngozi, anangoja, pakivimba anaandika "ana aleji". Chanjo zenyewe huwasha ngozi. Ukizidunga bila kuzizimua vya kutosha, zitamvimbisha hata asiye na mzio wowote, na bila tone la histamini na la maji ya chumvi pembeni hakuna cha kulinganisha. Nimekutana na watu wazima waliobeba neno "aleji" tangu utotoni kwa sababu ya uvimbe wa namna hiyo. Mwanao asifanyiwe hivyo. Vilevile usilipie kipimo cha damu cha jumla ya IgE (kingamwili za mzio) ukadhani kitajibu swali lako. Minyoo peke yake inaweza kuipandisha, na kiwango cha jumla hakisemi lolote kuhusu chanjo fulani.

Jibu la ngozi likiwa safi, anachanjwa dozi kamili siku hiyo hiyo na kukaa chini ya uangalizi angalau nusu saa. Likiwa na uvimbe, bado anaweza kuchanjwa, na wazazi wengi hilo hawajaambiwa. Dozi ya nusu mililita inagawanywa: kwanza mililita 0.05 iliyozimuliwa mara kumi, kisha 0.05 isiyozimuliwa, kisha 0.1, kisha 0.15, kisha 0.2, kila moja ikifuata nyingine baada ya dakika 15 hadi 20, na mtoto anakaguliwa ngozi, pumzi na mapigo ya moyo kabla ya kuendelea. Mpango huu si wangu. Umeandikwa kwenye karatasi ya maelekezo ya mojawapo ya chanjo za homa ya manjano, kwa ajili ya watu wenye mzio wa mayai. Unahitaji daktari, kitanda, oksijeni, adrenalini (dawa ya dharura ya shambulio la mzio) iliyokwisha kuvutwa kwenye bomba, na subira ya saa mbili au tatu. Mambo hayo hospitali ya rufaa inaweza kuyapanga. Ndiyo maana nakuambia uanze na daktari wa watoto wa Hospitali ya Rufaa ya Arua kabla ya kukata tiketi ya basi. Yeye akiona lazima aulize wenzake wa hospitali ya Mulago, Kampala, simu itafika kabla yako.

Jambo dogo la kupanga naye: chanjo ya homa ya manjano huja kama unga unaochanganywa na maji yake, na kichupa kikishafunguliwa hutupwa baada ya saa 6. Kipimo na dozi vitoke kwenye kichupa kimoja. Kwa hiyo mpange siku ambayo watoto wengine wanachanjwa, asubuhi, kichupa kisifunguliwe kwa ajili ya mtoto mmoja halafu kikamwagwe.

Ukiuliza hatari ni kubwa kiasi gani, kwa watu wote kwa ujumla ni ndogo sana. Hesabu kubwa iliyofanywa Marekani kwa dozi zaidi ya milioni 25 za chanjo mbalimbali ilikuta anafilaksisi 33, yaani kama moja na ushee katika kila dozi milioni. Lakini ndogo si sifuri, na ikitokea hutokea haraka, mara nyingi ndani ya dakika au saa chache. Kwa hiyo siku ya surua kituoni kwenu, uliza swali moja kabla sindano haijaingia: "Sista, adrenalini ipo?" Uliza kwa upole, ila ulipate jibu. Kisha kaa hapo nusu saa na mtoto mapajani, bila kumfunika kitenge, ili uione ngozi yake.

Utakachokiona ukakiogopa kwa haki ni mabaka ya kuwasha yanayoenea, midomo au macho kuvimba, kikohozi cha ghafla, mluzi kifuani, sauti kukauka, kutapika mfululizo, kulegea. Yakitokea mawili kwa pamoja, au pumzi peke yake, mtoto apate adrenalini papo hapo, kwenye msuli wa paja upande wa nje. Ya 1 kwa 1,000 hutolewa mililita 0.01 kwa kila kilo, kwa hiyo mtoto wa kilo 10 hupata mililita 0.1, na mtu mzima hupata mililita 0.5. Inarudiwa baada ya dakika 5 mpaka 15 kama hajatengemaa. Alazwe chali miguu juu, au aachwe akae kama pumzi ndiyo inayomsumbua, asisimamishwe wala kutembezwa. Nasisitiza mpangilio huu kwa wahudumu wanaosoma hapa, maana nimeona mara nyingi mkono ukienda kwanza kwenye haidrokotisoni na piriton. Hizo ni dawa za baadaye. Hazifungui koo wala hazipandishi presha kwa wakati, na dakika zinazopotea kuzitafuta ni za mtoto.

Usichanganye na kuzirai. Msichana wa miaka 10 kwenye foleni ya chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi, hajanywa chai, anaona sindano, anapauka, anatoka jasho baridi, anaanguka: mapigo ya moyo yake ni ya polepole, ngozi haina mabaka, akilazwa anarudi baada ya dakika chache. Huyo hana mzio, na chanjo yoyote inayofuata apewe akiwa amelala.

Nije kwako. PPF ni penisilini, na kuvimba kwako kunaweza kuwa mzio wa kweli wa penisilini. Lakini chanjo ya pepopunda haina penisilini, wala hakuna chanjo yoyote ya ratiba inayotiwa penisilini. Baadhi zina chembe za antibiotiki nyingine kama neomisini, ambazo si ukoo mmoja na penisilini. Kwa mjamzito, chanjo ya pepopunda ni salama, na inamkinga mtoto atakayezaliwa katika siku zile za kidonda cha kitovu. Nenda wiki hii, na dozi ya pili uipate baada ya wiki nne. Kwenye kadi yako sahihisha maandishi: waandike "mzio wa penisilini (PPF)" pamoja na kilichotokea. Wakiandika "aleji ya sindano", kila nesi atakayeisoma atakuruka tena.

Homa ya manjano na surua-rubela ni chanjo za virusi hai, kwa hiyo wewe usidungwe kwa sasa kwa sababu ya mimba, isipokuwa mlipuko wa homa ya manjano ukija na daktari akapima upande upi una hatari zaidi. Hapo swali si mzio na kipimo cha ngozi hakina la kusema. Ni hivyo hivyo kwa mwenye VVU ambaye CD4 zake (chembe za kinga) zimeshuka chini ya 200, au anayemeza dawa za kuzima kinga ya mwili. Pumu, ukurutu, mzio wa samaki au karanga, au shangazi aliyewahi kuvimba baada ya chanjo, havimzuii mtu kuchanjwa. Na mwanao akija kung'atwa na mbwa siku yoyote, Mungu apishie mbali, asikose chanjo ya kichaa cha mbwa kwa sababu ya mayai. Ugonjwa ule ukianza, dawa hakuna.

Wanaohitaji kipimo cha ngozi kuliko wote ni wengine: aliyepata mabaka, kuvimba au kubanwa pumzi ndani ya dakika au saa chache baada ya chanjo yenyewe, na bado anahitaji dozi zaidi. Kama ni wewe unayesoma, tunza jina la chanjo, namba ya toleo, muda wa sindano na muda wa dalili ya kwanza, na umwambie mhudumu apeleke taarifa kwa NDA, mamlaka ya dawa ya Uganda. Kipimo kifanyike wiki nne mpaka sita baadaye. Mapema kuliko hapo ngozi inaweza kudanganya, kwa sababu shambulio lenyewe limeichosha.

Mama, la mwisho ni la tarehe. Chanjo mbili za virusi hai hudungwa siku moja au zikapishana kwa wiki nne zisizopungua. Mwanao akipata surua-rubela wiki hii, miadi ya homa ya manjano hospitalini iwe baada ya siku 28 kamili. Dozi ya pili ya surua-rubela inamngoja akifika miezi 18. Ukifika dirishani wakisita tena, waonyeshe jibu hili, uombe kuzungumza na mkuu wa kituo.